Peasi Jekundu Ndani: Ununue Mti Mzima au Ubebeshe Tawi Moja?

Kwa nje, peasi la Sanguinole ni tunda dogo lisilovutia macho. Lipasue likiwa limeiva, ndipo utaona kwa nini wakulima wa bustani wanalitafuta: nyama yake ina wekundu uliochanganyika na weupe, unaotokana na anthosianini, rangi ileile inayoipa rosela wekundu wake. Aina hii ni kongwe barani Ulaya, na kwenye katalogi za miche huandikwa Sanguinole au Blutbirne.

Kwa msomaji anayeishi Uingereza na mwenye kiwanja nyuma ya nyumba, njia za kuipata ni tatu. Zinatofautiana sana kwa gharama na kwa muda wa kusubiri. Bei nilizoweka hapa ni makadirio ya rejareja. Linganisha wauzaji kabla ya kulipa.

Kwanza, ujue unanunua nini

Uzuri wa Sanguinole uko zaidi kwenye rangi kuliko kwenye ladha. Utamu wake ni wa wastani, nyama ina chembechembe, na tunda huiva mwishoni mwa kiangazi, mapema kuliko peasi la Conference. Likiachwa mtini hadi lilainike, ndani hugeuka ungaunga. Lichume likiwa gumu, limalizie kuiva jikoni, na ulile mara tu linapobonyea karibu na kikonyo cha tunda. Vipande vya saladi ya matunda vinyunyizie maji ya ndimu visibadilike rangi.

Tunda la namna hii halitunziki. Mti mzima ukiiva kwa mpigo, familia ya watu watano itashindwa kuumaliza. Liweke hilo akilini unapopiga hesabu.

Njia ya 1: mche uliokwisha kubebeshwa

Mche wa mizizi mitupu, unaouzwa majira ya baridi, hugharimu takriban pauni 25 hadi 40. Ongeza usafiri, kigingi cha kuegemezea na kamba, na unakaribia pauni 60. Ukiwa juu ya shina (sehemu ya chini yenye mizizi) la kwinsi, utarajie matunda baada ya miaka 3 hadi 4.

Faida yake ni kwamba kazi ngumu imeshafanywa na fundi. Hasara ni nafasi. Tena mipeasi mingi huhitaji chavua ya aina nyingine, kwa hiyo kama jirani hana mpeasi, huenda ukalazimika kununua mti wa pili.

Njia ya 2: ununue shina, ubebeshe mwenyewe

Shina huuzwa kwa pauni 4 hadi 6, na kikonyo cha kubebesha, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti wa Sanguinole, kwa bei ya karibu na hiyo. Kisu cha kubebeshea ni kama pauni 20, utepe pauni 4. Kwa mche wa kwanza akiba si kubwa, lakini kisu ni cha miaka mingi: mche wa pili na wa tatu hugharimu kama pauni 10 kila mmoja. Ni njia ya mtu anayetaka miche kadhaa na asiye na haraka.

Hapa uchaguzi wa shina ndio wenye uzito. Kwinsi A, lililotoka kituo cha utafiti cha East Malling huko Kent, hufupisha mti hadi mita 3 au 4 na kuuzalisha mapema. Ila si kila peasi hupatana na kwinsi. Peasi la Williams ni mfano unaojulikana: hukataa, na kiungo chaweza kuvunjika baada ya miaka, isipokuwa iwekwe aina nyingine katikati. Kwa aina adimu ambayo muuzaji hana hakika nayo, chagua shina la peasi lenyewe. Mti utakuwa mkubwa na utachelewa kuzaa, lakini kiungo kitashika.

Njia ya 3: tawi jekundu kwenye mti ulio nao

Nyumba nyingi za Uingereza tayari zina mpeasi, mara nyingi Conference. Kikonyo kimoja, utepe na nta ya kuzibia havizidi pauni 15 (bila kisu), na tawi linaweza kuzaa baada ya miaka 2 au 3 kwa sababu mizizi ilikwisha kukomaa. Mti mwenyewe utatoa chavua, mradi aina mbili hizo zichanue wakati mmoja. Muulize muuzaji kabla.

Vikonyo hukatwa Januari mti ukiwa umelala. Vifunge kwa kitambaa chenye unyevu, utie kwenye mfuko wa plastiki, uhifadhi kwenye friji mbali na matufaa, kwani hewa ya ethilini inayotoka humo huharibu macho ya kikonyo. Machi au Aprili, macho ya mti yanapoanza kuvimba, kata tawi linalopata jua, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Pasua katikati, chonga kikonyo chenye macho mawili au matatu kiwe kama kabari, kisha kichomeke.

Wengi huharibu hapa. Gamba la tawi ni nene kuliko gamba la kikonyo, kwa hiyo usilinganishe nje kwa nje. Linganisha utando wa kijani ulio chini ya gamba, hata kama ni upande mmoja tu. Funga kwa nguvu, ziba kila jeraha kwa nta, na utundike lebo ya jina ili mpogoaji asilikate.

Na nyumbani Afrika Mashariki?

Mapeasi hulimwa Lushoto na nyanda nyingine za baridi, na wengi walio ughaibuni hutamani kupeleka kijiti kimoja. Usikitie kwenye sanduku. Kuingiza mimea kunahitaji kibali cha TPHPA Tanzania au KEPHIS Kenya, na kwa sababu nzuri: ugonjwa wa bakteria wa Erwinia amylovora huua mipeasi na hutembea na vijiti kama hivyo. Isitoshe, aina za Ulaya zinahitaji mamia ya saa za baridi ili zichanue vizuri.

Uamuzi

Kama una mpeasi wenye afya, njia ya tatu inashinda kwa bei, kwa muda na kwa kutoa matunda ya kutosha bila kuzidi. Kama huna, nunua mti wa aina unayopenda kula kila siku, usubiri ushike mizizi, kisha ubebeshe tawi jekundu juu yake. Mche mzima wa Sanguinole unamfaa mwenye bustani kubwa na majirani wa kugawiana nao. Mkoani Kent, hazina ya taifa ya matunda ya Brogdale ina aina za peasi zaidi ya 500. Anza kuulizia vikonyo huko kabla ya Januari.