Kisu ya kazi mufukoni: fundi anayesafiri inje ya inchi ajue nini?

Kwa fundi wa umeme, wa magari ao wa antena, kisu ya kukunja ni chombo cha kazi sawa na koleo. Hapa kwetu hakuna anayeishangaa. Lakini kisu ile ile, ukivuka mipaka, inaweza kukupeleka mbele ya mwamuzi, na safari ya kazi ikaishia pale.

Mu ndege
Tangu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ukaguzi ulikaza sana. Marekani hawakubali kisu mu mufuko wa mukononi. Ulaya, makali yanayopita santimeta 6 yanakatazwa. Tena wale wanaopitia Addis-Abeba ao Nairobi wajue kwamba mara nyingi mufuko unakaguliwa tena pale. Njia ya usalama ni moja: weka kisu mu valizi inayoenda chini ya ndege, ikiwa imefungwa vizuri.

Ukisha kufika
Kila inchi iko na kipimo chake.

Uingereza, kisu ya kukunja yenye makali yasiyopita inchi 3 (karibu santimeta 7.6) inaruhusiwa. Lakini ikiwa inajifunga ikishafunguliwa, hata ikiwa ndogo, unahitaji sababu nzuri ya kuibeba. Azabu inaweza kufika miaka 4 ya gereza.

Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanaenda, sheria ya silaha ya tarehe 8 Juni 2006 inakataza kabisa visu vya kuruka kwa kubonyeza na vile vya kipepeo. Visu vingine vinaomba sababu ya haki, hata vikiwa vifupi.

Ujerumani, kisu inayofunguliwa kwa mukono mumoja na kujifunga haibebwi njiani bila sababu. Ni vile vile kwa kisu isiyokunjwa yenye makali yanayopita santimeta 12.

«Sababu nzuri» ni nini?
Kazi ni sababu, lakini ni kazi ya saa ile. Fundi anayetoka ku shantie na sanduku ya vyombo anaeleweka. Fundi yule yule, siku ya mungu jioni, mu baa, na kisu mufukoni, ataeleza nini? Kusema tu «nilisahau» haitoshi. Na jibu baya kuliko yote ni «ni ya kujikinga»: Uingereza, neno hilo linageuza chombo cha kazi kuwa silaha.

Kwa hiyo, mbele ya kusafiri:
- soma sheria ya kila inchi utakayopitia, ao uliza ubalozi wake;
- chagua kisu fupi, isiyojifunga;
- beba karatasi ya misio inayoonyesha kazi yako;
- kazi ikiisha, acha kisu mu sanduku ya vyombo.

Na kama kazi inaweza kufanyika na kisu ya kununuliwa kulekule, ile ya nyumbani ibaki nyumbani.