Alama Ndogo Chini ya Kalisi: Namna ya Kutambua Fedha ya Kweli na Umri Wake

Katika lugha yetu neno "fedha" lina maana mbili: ni madini meupe yanayong'aa, na pia ni sarafu na noti tunazotumia sokoni. Maana ya pili ilizaliwa na ile ya kwanza, kwa kuwa kwa karne nyingi thamani ya sarafu ilikuwa ndani ya madini yenyewe. Hata shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 1921 ilikuwa na robo moja ya fedha halisi. Sarafu za leo hazina fedha ndani yake, na wengi wetu tumepoteza uzoefu wa kuyatambua madini hayo tunapokutana nayo.

Upungufu huo una hasara yake. Katika makabati ya sakristia zetu vimo vikombe vya Misa, patena, siborio na vyetezo tulivyorithi kwa wamisionari. Baadhi ni fedha tupu. Vingine ni shaba iliyopakwa fedha. Wapo wanaopita vijijini wakitafuta "vitu vya kale vya Wazungu", na asiyejua alichonacho hukitoa kwa bei ya sufuria. Kinyume chake, wapo wanaouziwa bati lililong'arishwa kwa bei ya fedha. Makala hii inakusudia kumsaidia mwamini wa Kimali, wa Bariadi mjini na wa vigango vyote vya Simiyu kusoma alama ndogo ambazo mafundi waligonga juu ya vyombo hivyo.

Kwa nini fedha hugongwa chapa

Fedha safi kabisa ni laini mno. Ili chombo kiwe imara, sonara huichanganya na shaba kidogo. Mchanganyiko huo ndio uliofungua mlango wa udanganyifu, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha chombo chenye fedha sehemu 925 katika 1,000 na chombo chenye sehemu 600. Ndipo serikali zikaagiza vyombo vipimwe na kugongwa chapa kabla ya kuuzwa.

Uingereza ilianza mapema. Mwaka 1300 mfalme Edward I aliagiza kichwa cha chui kigongwe juu ya fedha iliyofikia kipimo. Mwaka 1363 kila sonara alitakiwa kuwa na chapa yake mwenyewe, na mwaka 1478 London ikaongeza herufi ya mwaka, ili kosa likigundulika ajulikane mpimaji aliyekuwa zamu. Hivyo herufi tunayoitumia leo kupata umri wa chombo ilikusudiwa kwanza kumwajibisha mtu.

Mahali pa kutazama

Chukua kitambaa laini, mwanga wa kutosha na kioo cha kukuzia. Katika kalisi, tazama sehemu tatu: ukingo wa nje wa kikombe karibu na midomo, ukingo wa kitako, na upande wa chini wa kitako. Kalisi nyingi zimeungwa kwa parafujo, nazo hufunguka katika kikombe, fundo la katikati na kitako. Kila sehemu ichunguzwe peke yake. Kanuni za zamani za Misale zilidai kikombe chenyewe kiwe cha dhahabu, au cha fedha kilichopakwa dhahabu ndani, lakini kitako kiliweza kuwa cha madini mengine. Kwa sababu hiyo kalisi moja inaweza kuwa na kikombe cha fedha halali juu ya kitako cha shaba.

Kusoma chapa kwa kufuata asili ya wamisionari

Historia ya uinjilishaji inatusaidia kukisia tutakutana na chapa za nchi gani. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifungua Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Wabenedikto walifika kutoka Ujerumani mwaka 1888. Wamaryknoll wa Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1946. Naye Edward Aloysius McGurkin, mwana wa shirika hilo, akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Shinyanga lililoundwa mwaka 1956.

Ufaransa. Tangu mwaka 1838 fedha ya Kifaransa hugongwa kichwa cha Minerva, mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Kikiwa na tarakimu 1, fedha ni sehemu 950 katika 1,000. Kikiwa na 2, ni sehemu 800. Karibu yake hukaa chapa ya sonara: herufi za jina lake pamoja na ishara ndogo, ndani ya umbo la msambamba, yaani mraba uliosimama kwa pembe. Minerva peke yake haitoi mwaka, kwa kuwa imetumika kwa muda mrefu. Miaka hupatikana kwa kujua sonara huyo alifanya kazi lini. Kwa mfano, Placide Poussielgue-Rusand wa Paris, fundi mashuhuri wa vyombo vya kanisa, alifariki mwaka 1889.

Ujerumani. Tangu mwaka 1888 chapa ni mwezi mchanga na taji, pamoja na tarakimu za kipimo, kama 800, 835 au 925. Chombo chenye alama hizo hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo.

Uingereza. Simba anayetembea, mguu mmoja ameuinua, maana yake ni fedha 925. Alama nyingine hutaja mji uliopima: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield hadi mwaka 1974, kisha ua la waridi. Kichwa cha mfalme au malkia kiligongwa kati ya 1784 na 1890 kuonesha kwamba ushuru umelipwa. Mwisho ni herufi ya mwaka. London ilirudia A katika 1896, 1916 na 1936, kila mara kwa mwandiko au ngao tofauti. Kwa hiyo haitoshi kusema "nimeona A". Ni lazima kutazama ni A ya namna gani, na ngao yake ina umbo gani.

Marekani. Huko haikuwapo ofisi ya serikali ya kupima kama ilivyo Uingereza. Fundi mwenyewe aliandika STERLING, maana yake 925, desturi iliyoenea tangu miaka ya 1860. Kalisi nyingi za Wamaryknoll zinatarajiwa kuwa na neno hilo. Hapa pana mtego: kampuni ya Gorham, ya mji wa Providence, hugonga simba, nanga na herufi G. Msomaji wa haraka atadhani ni fedha ya Birmingham, kumbe nanga na simba hao ni nembo ya kampuni, na G ni jina lake.

Alama zisizo za fedha

Ukiona EPNS, ujue ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa nguvu ya umeme. Mara nyingi kila herufi huwekwa ndani ya ngao yake, nazo kwa mbali hufanana na chapa halali. Katika vyombo vya Ufaransa, chapa ya fundi iliyo katika mraba uliolala sawa, si msambamba, ni ya chombo kilichopakwa tu. Dalili nyingine ni rangi: mahali palipochakaa, kama kwenye kingo, wekundu au manjano ya shaba hujitokeza, na pengine kutu ya kijani. Fedha ya kweli hugeuka nyeusi kwa hewa yenye salfa, lakini chini ya weusi huo ni nyeupe.

Sumaku haitoshi kuwa ushahidi. Haivuti fedha, lakini haivuti shaba pia. Wala mtu asikwaruze chombo kitakatifu kwa kisu au kukimwagia tindikali ili kukijaribu.

Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa

Babu zetu wa pwani waliijua riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria. Kila riale ina mwaka 1780, ingawa iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo karne mbili baadaye. Anayedai mamilioni kwa sababu ya mwaka huo ama amedanganywa au anadanganya.

Kalisi nazo zina jambo linalofanana. Padre mpya alipewa kalisi na wazazi wake, na chini ya kitako wakachora jina na tarehe ya upadrisho. Tarehe hiyo ni ya tukio. Kalisi huenda ilitengenezwa miaka mingi nyuma, ikarithiwa kwa padre mwingine. Chapa za sonara zinatupa wakati wa kutengenezwa. Maandishi yanatupa maisha ya chombo baada ya hapo. Yote mawili yaandikwe, kila moja mahali pake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kalisi ina neno STERLING kwenye ukingo wa kikombe. Kitako hakina chapa, na kingo zake zina wekundu. Chini imechorwa tarehe ya 1951. Hukumu sahihi ni hii: kikombe ni fedha 925, huenda cha Marekani, kitako ni shaba iliyopakwa, chombo kilikuwa kimekwisha kuwapo mwaka 1951. Zaidi ya hapo tusiseme.

Kanisa linadai nini

Kwanza, ibada. Mwongozo wa Misale ya Roma, namba 328, unaelekeza kwamba vyombo vya madini yanayopata kutu, au yaliyo duni kuliko dhahabu, kwa kawaida vipakwe dhahabu ndani. Kikombe ambacho dhahabu yake imekwisha kipelekwe kwa paroko, akitafutie fundi anayeaminika.

Pili, umiliki. Kanuni 1171 ya Sheria za Kanisa inakataza kutumia vyombo vilivyobarikiwa kwa matumizi ya kawaida, hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Kanuni 1269 inasema kwamba vyombo vitakatifu vya parokia haviwezi kuwa mali ya mwingine ila taasisi nyingine rasmi ya Kanisa. Vilivyo na thamani ya sanaa au historia, kanuni 1292 inadai ruhusa ya Kiti Kitakatifu kabla ya kuviuza. Katekista, mtunza sakristia, mwenyekiti wa halmashauri ya walei na hata paroko, hakuna mwenye mamlaka ya kumuuzia mpita njia kalisi ya kigango.

Tatu, orodha. Kanuni 1283 inamtaka msimamizi wa mali za Kanisa awe na orodha kamili iliyotiwa sahihi, nakala moja ibaki kwake na nyingine iwe jimboni. Kwa kila chombo iandikwe: jina lake, urefu, uzito, chapa zilizoonekana zikichorwa kama zilivyo, maandishi yote, na picha ya simu. Chombo kilichoorodheshwa hivyo kikiibwa, polisi wana la kutafuta. Kisichoandikwa ni vigumu hata kuthibitisha kwamba kilikuwapo.

Usafi nao ni ulinzi. Tusisugue vyombo kwa mchanga wala majivu. Vinakula dhahabu na kufuta chapa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Kazi hii si ngeni katika historia ya wokovu. Kitabu cha Ezra, sura ya 1, kinataja kwa hesabu vyombo vya Hekalu vilivyorudishwa kutoka Babeli. Katika sura ya 8, Ezra anawapimia makuhani fedha, dhahabu na vyombo kabla ya safari, na walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena na uzito ukaandikwa. Waliaminiana, na bado walipima. Nasi kabla ya Jumapili ijayo tufungue kabati la sakristia, wawili au watatu pamoja na paroko, tukiwa na daftari na kioo cha kukuzia, tuanze na kalisi ya kwanza.