Zafarani, Panya na Maradhi ya Ghamu

Katika mwambao wetu zafarani haikuwa kiungo cha biriani tu, kwani walimu waliiandikia aya katika sahani, mgonjwa akanyweshwa kombe. Na Ibn Sina mwenyewe, karne nyingi zilizopita, aliihesabu miongoni mwa dawa zenye kuufurahisha moyo. Walakini sifa, hata ikitoka kwa bingwa wa matabibu, si ushahidi, na kwa hiyo nawashukuru watafiti wa Mashhad, huko Uajemi inakolimwa zafarani kwa wingi, ambao mwaka 2004 walichapisha habari za kuijaribu kwa panya, wapate kujua kama yafaa kwa sonona, yale maradhi ya ghamu isiyombanduka mtu.

Jaribio walilolitumia lilibuniwa Ufaransa na Roger Porsolt na wenzake, likatangazwa mwaka 1977. Panya mdogo hutiwa katika chombo cha kioo chenye maji, asiweze kugusa chini wala kupanda atoke, akaachwa humo dakika 6. Kwanza huhangaika na kuparura kuta, kisha hutulia akaelea, asijitikise ila kwa kadiri ya kuiweka pua yake juu ya maji, na mtazamaji huzihesabu sekunde za utulivu huo katika dakika 4 za mwisho. Aliyepewa imipramini, dawa ya hospitali iliyokwisha kuthibitika kwa wanadamu, hutulia muda mfupi zaidi. Basi mmea ukileta athari hiyo hiyo, hudhaniwa kuwa una nguvu za namna hiyo.

Mimi siamini kwamba panya anayeelea amekata tamaa, kwa kuwa yamkini amejifunza tu kwamba kuogelea hakumwokoi, akahifadhi nguvu zake. Fauka ya hayo, amfetamini nayo humfanya aogelee sana, ilhali si dawa ya sonona, na ndiyo sababu watafiti waangalifu humweka pia katika uwanja mtupu wapime mwendo wake. Ninaloliona bora ni jaribio la Paul Willner: panya husumbuliwa wiki kadhaa kwa maudhi madogo madogo, kama matandiko yaliyorowa na kizimba kilichoinamishwa, kisha huwekewa maji matupu na maji ya sukari, ikatazamwa kama utamu ungali unamvuta.

Mwaka huo huo wa 2004, Tehran, Shahin Akhondzadeh na wenzake waliwapa wagonjwa 30 ama zafarani, miligramu 30 kwa siku, ama imipramini, kwa wiki 6, na nafuu ikakaribiana. Ni habari njema, ingawa watu 30 ni wachache mno.

Tena yapo ambayo maji ya panya hayayafichui. Hypericum perforatum, mmea wa Ulaya uliofaulu majaribio hayo na ukawafaa wagonjwa wengi, ulionekana mwaka 2000 kuipunguza kwa zaidi ya nusu indinaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, katika damu ya watu wenye siha waliovimeza vyote viwili, kwa kuwa huviamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hiyo.