Penalti ya Panenka Imebeba Ile Hesabu ya Grafu Ilikusumbua Daro

Belgrade, tarehe 20 Juni 1976. Fainali ya Euro. Czechoslovakia na Ujerumani Magharibi wako 2-2 hata baada ya muda wa ziada, kwa hivyo ni penalti. Uli Hoeneß wa Ujerumani anapiga, gozi inapaa juu ya mtambaa panya. Anakuja Antonín Panenka. Anakimbia ka msee anataka kupasua wavu, kipa Sepp Maier anaruka upande, halafu Panenka anaidokoa tu pole pole hapo katikati. Goli. Imeisha 5-3 na mpaka leo penalti ya hivyo inaitwa Panenka.

Njia yenye gozi ilipitia hewani ndo parabola, ile grafu ya kwadratiki mode alikuchorea ubaoni ukiwa umelala. Na ukielewa hiyo penalti moja, hautawahi tena kuchora grafu ikienda upande mbaya.

Hizi namba za gozi ni za kwangu, na upepo nimeuweka kando. Lakini vipimo vya uwanja ni vya ukweli: mita 11 kutoka kwa alama ya penalti hadi laini ya goli, na mtambaa panya uko mita 2.44 juu. Hii hapa Panenka yetu:

y = -0.1(x - 6)² + 3.6

x ni umbali gozi imeenda, y ni urefu wake hewani. Mwanzo wa kila kitu ni y = x², bakuli limekaa kwa sifuri. Ile alama ya kutoa mbele inapindua bakuli, linakuwa kilima. Hiyo 0.1 inakilaza, kinakuwa kipana. Ile + 3.6 ya mwisho inanyanyua kila kitu mita 3.6 juu. Hadi hapo hakuna mtu analia.

Noma iko kwa mabano. Unaona x - 6, akili inakuambia "toa, basi twende kushoto." Zii. Inaenda kulia, na hapa ndo wengi huchoma. Vitabu hukupea sheria tu ukariri, bila kukuambia ni kwa nini.

Fikiria mathree inafaa kutoka steji saa mbili kamili na leo imechelewa dakika 6. Ka unataka kujua iko wapi saa mbili na dakika 20, unatoa 6 kwanza, unacheki kwa ratiba ya kawaida ingekuwa wapi saa mbili na 14. Umetoa, lakini safari yenyewe imesongea mbele. Grafu ni hivyo hivyo: kila kitu kilikuwa kifanyike kwa 0 sasa kinafanyika kwa 6. Ukiwa na wasiwasi, jiulize x gani inafanya mabano yawe sifuri. Ni 6. Basi kilele kiko hapo, mita 6 mbele na mita 3.6 juu. Ingekuwa x + 6, kilele kingekuwa mita 6 nyuma ya Panenka, upande wa laini ya katikati.

Sasa cheki ka ni goli. Weka x = 0: -0.1 × 36 ni -3.6, jumlisha 3.6, unapata 0. Gozi iko chini kwa nyasi, poa. Weka x = 11: 5 mara 5 ni 25, unapata -2.5 + 3.6, ambayo ni 1.1. Gozi inavuka laini ikiwa mita 1.1 juu. Goli safi.

Sasa tuivute kwenda juu. Zidisha kila kitu mara mbili: y = -0.2(x - 6)² + 7.2. Kilele kimefika mita 7.2, lakini gozi bado inaanzia 0 na ingeangukia 12 vile vile, kwa sababu sifuri mara mbili ni sifuri. Kwa laini ya goli iko mita 2.2, inapita tu chini ya mtambaa panya. Zidisha mara tatu inakuwa 3.3, na hapo umekuwa Hoeneß.

Mtego mwingine: watu huzidisha namba ya mbele pekee na kuacha 3.6 vile ilikuwa. Jaribu. Kwa x = 0 unapata -7.2 + 3.6, yaani gozi inaanza mita 3.6 chini ya udongo! Hapo umevuta kwanza ndo ukanyanyua, badala ya kunyanyua kwanza kisha uvute zote pamoja. Mpangilio ukibadilika, grafu inabadilika.

Bila shaka mtihani hautakuletea hii kitu ikiwa imevaa vizuri. Utapewa y = -0.1x² + 1.2x, ambayo ni ile ile tu, mabano yakiwa yamefunguliwa. Ndo maana mode alikuwa anasisitiza ile stori ya kukamilisha mraba: inakurudishia 6 na 3.6, na ukishakuwa nazo unajua kilele kiko wapi kabla hata utoe rula.