Nani Kaipima Mvua ya Kyerwa?

Asubuhi ya Septemba, mbegu za maharage zikiwa zimeshachambuliwa, mkulima wa Nkwenda au wa Nyaishozi akifungua simu anakuta jibu linamsubiri: mvua itanyesha saa nane mchana, uwezekano asilimia 62, kiasi milimita 3.4. Jibu lina saa, lina desimali, lina hata jina la kijiji chake. Hakuna bwana shamba anayethubutu kusema hivyo, wala Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo kwa kawaida itasema tu kwamba vipindi vya mvua na ngurumo vinatarajiwa katika maeneo machache ya mkoa wa Kagera. Ukiyaweka majibu hayo mawili pamoja, la simu linaonekana la kitaalamu na la TMA linaonekana la mtu anayekwepa. Nashikilia kinyume chake. Kwa Karagwe na Kyerwa, taarifa inayokiri ukubwa wa shaka yake ndiyo ya kuaminiwa, na utabiri unaotaja saa na desimali bila kusema zimepatikanaje unastahili kushikwa kwa mkono mlegevu.

Tuanze na mahali namba hiyo inakotoka. Programu nyingi za simu huchota kutoka kwenye modeli chache za kompyuta zinazoendeshwa na vituo vikubwa vya dunia, hasa kile cha Ulaya, ECMWF, chenye makao Reading, Uingereza, na modeli ya Marekani iitwayo GFS. Modeli hizi huigawa dunia katika miraba: ya ECMWF ina upana wa takribani kilomita 9, ya GFS kilomita 13. Ndani ya mraba mmoja wa Kyerwa panaweza kuwa na kilele cha mlima, mteremko wa migomba na bonde la Mto Kagera, lakini kwa modeli hapo ni mahali pamoja penye mwinuko mmoja na mvua moja. Jina la kijiji hubandikwa baadaye na programu. Isitoshe, modeli lazima ianze na picha ya hewa ilivyo sasa, na ingawa setilaiti husaidia sana, vipimo vya ardhini huku ni haba. Kituo kikubwa cha TMA kipo Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya kilomita 70 kutoka Kayanga ya Karagwe hata ukipita angani. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Karagwe hupata nusu ya hizo au pungufu. Kumpa mtu wa Kayanga mvua ya Bukoba kwa sababu wote ni wa Kagera ni kumpotosha.

Mbona basi programu hizo hizo zinasifiwa na ndugu zetu walioko Ulaya? Kwa sababu huko mvua nyingi huletwa na mifumo ya hewa yenye upana wa mamia ya kilomita, inayosafiri siku kadhaa kabla ya kufika, na modeli huiona ikija. Sisi tupo digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, ambako ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoipinda hewa na kujenga mifumo hiyo ni hafifu mno. Mvua yetu mara nyingi ni ya hewa iliyopata joto tangu asubuhi, ikapanda kwenye milima, ikajaa unyevu na kumwagika alasiri katika eneo la kilomita chache; Ihanda inalowa, Bugene inabaki na vumbi. Ziwa Victoria nalo lina ratiba yake. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati na kupanda, ngurumo zikazaliwa, kisha upepo wa mashariki huzisukuma hadi ukanda wa Bukoba alfajiri. Zikifika nyanda za Karagwe mara nyingi zimekwisha nguvu. Kuna nyakati tena ambapo unyevu hutoka magharibi, kwenye misitu ya Kongo. Modeli yenye miraba ya kilomita 9 haioni wingu moja la ngurumo, hulikadiria kwa kanuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Afrika ya tropiki kaskazini mwa ikweta ulionyesha kwamba utabiri ghafi wa mvua wa modeli za dunia haukuwa bora kuliko makisio ya kutazama tu kumbukumbu za miaka iliyopita. Eneo si letu, lakini mvua za aina hiyo ndizo zetu pia.

Ajabu ni kwamba huku kwetu msimu mzima waweza kutabirika vizuri kuliko alasiri ya keshokutwa. Vuli ya Afrika Mashariki imefungamana na joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Sumatra yakipoa, mvua huwa nyingi, kama ilivyotokea mwaka 2019, na tena mwaka 2023 El Niño ilipoongezeka juu yake. Bahari haibadiliki kwa siku moja, kwa hiyo dalili huonekana miezi kabla. Masika haina kiongozi mmoja wa namna hiyo, na utabiri wake ni mgumu zaidi. Msomaji asiipe imani ile ile anayoipa vuli. Mwelekeo wa vuli hutolewa na TMA, na huwekwa kwenye tovuti yake, meteo.go.tz, karibu na mwisho wa Agosti, jambo lenye uzito kwetu kwa kuwa mvua huanza mapema upande huu wa ziwa. Kituo cha kikanda cha ICPAC, kilichopo Ngong nchini Kenya, huchapisha ramani za ukanda mzima baada ya kukutanisha wataalamu wa nchi zetu. Ramani hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Miaka iliyopita hupangwa kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi, kisha hukatwa mafungu matatu yaliyo sawa, hivyo asiyejua lolote angelipa kila fungu asilimia 33. Ramani ikisema asilimia 45 kwa mvua chini ya wastani, maana yake mizani imeinama upande huo, na bado asilimia 55 zipo kwingine.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba TMA ilisema mvua itakuwa ya wastani na maharage yakakauka, kwa hiyo taarifa zao hazina maana. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Neno wastani katika taarifa hizo huchukua nafasi pana, kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida: mahali panapozoea milimita 300 kwa msimu, 225 ni wastani na 375 pia ni wastani. Tena jumla ile ile yaweza kunyesha kwa siku 15 za mafuriko au kwa siku 40 za kulea mazao. Ndiyo maana mwelekeo wa msimu haufai kusomwa mara moja na kuachwa. Unafaa kuchagua mbegu, ya muda mfupi au mrefu. Tarehe ya kupanda huamuliwa na taarifa ya TMA ya siku kumi inayofuata. Na TMA inapokosea tunajua nani wa kuulizwa: ni taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na ndiyo yenye jukumu la kutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ujumbe wa kutisha unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp usipokuwepo kwenye kurasa zao, usisambazwe.

Kwa siku moja hadi tano zijazo sisemi modeli zitupwe. Tovuti kama Windy hukuruhusu kuona modeli ya Ulaya na ya Marekani sehemu moja, na hapo ndipo penye faida. Zote mbili zikionyesha wiki yenye unyevu kutoka Biharamulo hadi Mbarara, hiyo ni habari. Zikipingana, nayo ni habari: hakuna ajuaye. Hakikisha tu saa ni za kwetu, maana kurasa nyingine huandika UTC, na 12:00 ya UTC ni saa tisa alasiri huku. Mtu wa Murongo atazame pia taarifa za Uganda, kwa kuwa Mbarara ipo karibu naye kuliko Bukoba, na wa mpakani mwa Rwanda asome za Meteo Rwanda. Wingu halisimami kugonga pasipoti. Kwa saa chache zijazo, kahawa ikiwa imeanikwa na mtu anajiuliza kama aikusanye, utabiri wa jana hausaidii kitu. Hapo picha za setilaiti za Meteosat, zinazopatikana bure na kubadilika kila robo saa au chini ya hapo, zinashinda programu yoyote. Vilele vya mawingu vilivyo baridi vikiota mashariki na kuelekea upande wako, kunja turubai.

Wengine watasema wazee wetu husoma upepo, ndege na maua ya miti, wala hawahitaji bando. Lushoto watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walizichukua dalili za wazee kwa uzito na kuziweka pamoja na utabiri wa TMA, na nadhani hiyo ndiyo njia, kwa kuwa mzee anakijua kilima chake na bahari yupo mbali nayo. Kuhusu bando, taarifa ya siku kumi ni nyepesi, mtu mmoja wa chama cha msingi aweza kuifungua kwa niaba ya wote, na redio za jamii kama FADECO ya Kayanga huwafikia wasio na simu janja.

Linalobaki pungufu ni vipimo vyetu wenyewe. Ng'ambo ya Mto Kagera, mtandao wa vituo vya mvua wa Rwanda ulivunjika mwaka 1994, na wataalamu ilibidi wazibe pengo la miaka mingi kwa kuunganisha setilaiti na vipimo vichache vilivyosalia. Sisi kuanza hakuhitaji mengi. Kopo lenye kuta wima, likiwekwa uwanjani mbali na migomba, linapima: kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua, na kila milimita ni lita moja kwa mita ya mraba. Lisomwe kila siku saa tatu asubuhi, liandikwe kwenye daftari pamoja na kile simu ilichosema jana yake. Baada ya vuli mbili mkulima wa Kaisho atajua jambo ambalo Reading hawalijui wala Dodoma: kati ya siku ambazo simu ilimwambia asilimia 60, ni ngapi zililowesha kopo lake.