Shaba Isiyo na Maandishi Huuzwa kwa Kilo

Nikiwa kidato cha tatu niliuza kipande cha shaba cha babu. Kilikuwa bapa, kizito, kingo zake zimeota ukijani. Babu alizoea kusema kimetoka kwenye meli ya Waingereza iliyokwama Majita wakati wa vita ya Mjerumani. Siku hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu alipita Nyegina na mizani yake, na mimi nilikuwa sina daftari. Kwake ile ilikuwa kopa tu. Akapima, akalipa, akaenda zake. Babu aliporudi hakunigombeza. Aliuliza nimeuza bei gani, nikamtajia, akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Nilipofika chuo nikagundua kuwa meli hiyo ilikuwepo kweli. Iliitwa Sybil. Ililetwa kwa vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa Kisumu. Novemba 1914 iligonga mwamba, ikaachwa ufukweni upande wa Majita, eneo la Wajerumani. Mwaka 1915 Waingereza wakaja kuiopoa. Kwa hiyo babu huenda alikuwa sahihi. Lakini ningethibitishaje?

Swali hilo ndilo linalowasumbua watu wanaokusanya medali zilizofuliwa kwa metali za meli za kihistoria. Chukua Foudroyant, meli aliyoitumia Nelson, amiri jeshi wa majini wa Uingereza. Mwaka 1897 dhoruba iliivunja pale Blackpool, na shaba yake ikafuliwa medali nyingi za kumbukumbu. Mwaka 1905, miaka 100 baada ya vita vya Trafalgar, zikatoka nyingine zenye shaba ya meli yake ya mwisho, Victory.

Shaba ni shaba. Ukiishika, haikwambii ilikuwa meli gani. Kinachoipa medali thamani ni maandishi yaliyogongwa juu yake siku ilipotengenezwa, pamoja na karatasi zinazoonyesha imepita mikononi mwa nani. Mkusanyaji makini husoma neno kwa neno, maana “imetengenezwa kwa shaba ya meli” si sawa na “ndani yake imo shaba ya meli”. Ya pili imechanganywa. Tena haing'arishi medali yake, kwa sababu kusugua hufuta maandishi.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni sarafu za Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walifua sarafu zao wenyewe: 16,198 za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na za heller 5 na 20 zilizotumia pia maganda ya risasi za mizinga. Wauzaji hupenda kuongeza kwamba maganda hayo yalitoka Königsberg, manowari iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915. Hadithi hiyo hupandisha bei. Ila ukiigeuza sarafu, utakachoona ni herufi T ya Tabora, si jina la meli. Anayetaka Königsberg yenyewe aende Fort Jesus, Mombasa, akaone mzinga wake.

Wanachuo wenzangu, sisemi mtumie bumu kununua medali. Nasema majumbani kwetu kuna vitu vya aina hii, na wanaojua vilikotoka ni wazee. Piga picha. Pima uzito. Andika nani alikipata, wapi, lini, na nani alikuwa nacho baadaye. Sisi tunaosomea ualimu tutasimama mbele ya darasa la historia, na kitu kimoja chenye maelezo yake kitafundisha kuliko kurasa kumi za kukariri.

Likizo iliyopita nilikaa na babu jioni mbili, nikaandika yote anayokumbuka kuhusu kile kipande. Nina kurasa nne, na shaba sina. Wewe ukifika kwenu, uliza mapema, kabla mwenye mizani hajapita.