Kusoma Fasihi ya Kiingereza kwa Njia ya Masafa: Maelezo kwa Watumishi na Wakaazi

Miongoni mwa wakaazi wa Mbagala, Tandika na Yombo upande wa Temeke, na wale wa Tegeta, Bunju na Mwananyamala upande wa Kinondoni, wamo wengi ambao mchana ni watumishi, mafundi au wachuuzi, na usiku ni wanafunzi. Wamo pia ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kwa ajili ya kazi katika ofisi za Muungano au kwa biashara. Watu hawa hujiandaa kwa Mtihani wa Kidato cha Nne bila ya kuingia darasani kila siku. Moja ya masomo yanayowatia hofu ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza ni ile sehemu ya fasihi.

Madhumuni ya maelezo haya ni kuonesha namna somo hilo linavyoweza kusomwa kwa njia ya masafa, na kubainisha jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Fasihi ni somo linaloweza kusomwa vizuri mbali na darasa, kwa sharti kwamba mwanafunzi anasoma kitabu chenyewe, na kwamba yupo mtu anayemsahihishia majibu yake. Mwenye kukosa moja kati ya mambo hayo mawili yumo hatarini kulipa ada na kupoteza mwaka.

UZITO WA CHETI

Watumishi wa umma watakumbuka matokeo ya uhakiki wa vyeti yaliyokabidhiwa kwa Rais mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, ambapo watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Aidha, watumishi walioajiriwa baada ya tarehe 20 Mei 2004 bila ya kuwa na cheti cha Kidato cha Nne nao walijikuta nje ya kazi, kwa kuwa tangu tarehe hiyo elimu hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya kuingia katika utumishi. Watu wazima wengi walielewa wakati huo kwamba miaka ya kazi njema haisimami mahali pa cheti, na kwamba njia ya halali ni kurudi kusoma.

Ni vyema ieleweke kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ni chombo cha Muungano. Kabla ya hapo wanafunzi wetu walikuwa wakipimwa na Cambridge, na baadaye na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Kwa hiyo mtahiniwa wa Chake Chake na mtahiniwa wa Mbagala hufanya mtihani ule ule wa Kidato cha Nne, na cheti chao kinatambulika pande zote mbili.

ASILI YA ELIMU YA MASAFA

Elimu ya mbali si jambo geni. Mwaka 1840, baada ya Uingereza kuanzisha stempu ya bei nafuu, Isaac Pitman aliwafundisha watu hati mkato kwa njia ya posta: mwanafunzi aliandika zoezi, akalituma, akarudishiwa likiwa limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma ndani ya vyuo vyake, na njia hiyo baadaye iliwafikia wasomi wengi wa makoloni.

Hapa kwetu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere, na ikapewa sheria yake yenyewe mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taasisi hiyo ilianzisha elimu kwa njia ya posta, na hadi leo inaendelea kutoa elimu ya sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na ni ushahidi kwamba mtu aweza kusoma kwa masafa hadi shahada.

Katika historia hiyo yote, kiini cha elimu ya masafa ni zoezi linalokwenda na kurudi. Bahasha imebadilika ikawa simu ya mkononi, lakini kalamu ya msahihishaji haijapata mbadala wake.

MTIHANI UNATAKA NINI

Mwanafunzi hana budi kwanza kutofautisha mambo mawili. Somo la Lugha ya Kiingereza lina sehemu ya fasihi ndani yake, na kila anayefanya somo hilo hukutana nayo. Somo la Fasihi ya Kiingereza ni somo jingine kamili, lenye mtihani wake, na huchaguliwa na wachache. Kuna watu walionunua vitabu vya somo moja huku wamejisajili kwa jingine.

Katika sehemu ya fasihi ya somo la Lugha ya Kiingereza, mtahiniwa hupewa orodha ya riwaya, tamthilia na diwani za mashairi, na hutakiwa kujibu kwa kutoa hoja kutoka vitabu viwili. Swali haliulizi kisa kilianzaje na kiliishaje. Huuliza, kwa mfano, mwandishi ameonesha vipi mgogoro baina ya mila na mambo mapya, au mhusika fulani anatufunza nini.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wana akiba wasiyoitambua. Aliyewahi kusoma fasihi ya Kiswahili tayari anajua dhamira, wahusika, mandhari, migogoro na ujumbe. Ujuzi huo ni mmoja kwa lugha zote. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, na mwaka 2022 riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Fasihi huvuka lugha kwenda na kurudi, na msomaji wa Temeke si mgeni katika safari hiyo.

KITABU CHENYEWE, SI MUHTASARI

Vijitabu vya muhtasari vinauzwa kwa bei ndogo kila mahali, na nakala zake hupitishwa kwa simu. Mtu aliyechoka kwa kazi za mchana huona kuwa hapo amepata njia ya mkato. Matokeo yake ni kwamba watahiniwa wengi huandika hoja zile zile kwa maneno yale yale, na swali likigeuzwa kidogo hukosa la kusema. Muhtasari humwambia mwanafunzi kwamba mhusika ni jasiri, lakini haumwoneshi ni katika tukio gani, alisema nini na nani alimpinga. Alama hutolewa kwa hayo.

Tuchukue mfano wa tamthilia The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, iliyochapwa mwaka 1963, na The Black Hermit ya Ngugi wa Thiong'o, iliyooneshwa Kampala mwaka 1962. Vitabu hivi vimekuwamo katika orodha ya skuli zetu kwa miaka mingi. Tuseme swali linahusu mgogoro baina ya mila na usasa.

Jibu dhaifu husimulia: palikuwa na msichana aitwaye Sidi, na mwalimu aitwaye Lakunle alimpenda. Jibu la kutosheleza huenda kwa hatua tatu. Kwanza hutaja hoja: mila ya mahari inawagawa vijana wenyewe, si wazee na vijana tu. Pili hutaja tukio: Lakunle anakataa kutoa mahari akiiona kuwa ni ushenzi, ilhali Sidi anaitaka kwa kuwa bila ya hiyo kijiji kitamdharau. Tatu hueleza maana: mwandishi anatuonesha kwamba usasa wa maneno matupu haumlindi mwanamke mbele ya jamii yake.

Kisha mwanafunzi hugeukia kitabu cha pili. Remi, msomi wa kwanza wa kabila lake, anaozwa Thoni, mjane wa ndugu yake. Akidhani kwamba mke huyo hampendi, anakimbilia mjini. Anaporudi, anawakemea watu wake hadharani kwa ukabila na mila zao, na maneno yake yanamvunja moyo Thoni ambaye anajiua, akiacha barua inayoonesha kwamba alimpenda. Maana yake ni kwamba aliyepigana na mila bila ya kuwasikiliza watu amemwangamiza mtu asiye na hatia.

Mkaazi wa Mbagala aliyewahi kukaa katika kikao cha kupanga mahari anaelewa hoja ya Sidi kuliko kijana wa darasani. Umri wake, ambao hudhani ni mzigo, katika somo hili ni mtaji. Linalobaki ni kuyasema hayo kwa Kiingereza chepesi na sahihi, kwa sentensi fupi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wenye nia ya kusoma wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Aliyemaliza elimu ya msingi na hakupita sekondari hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa. Aliyekwisha fanya Mtihani wa Kidato cha Nne aweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

(b) Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, ilhali mtihani ni mwezi Novemba. Anayengoja hadi ajisikie yuko tayari huikuta milango imefungwa. Tarehe na ada zisomwe katika tangazo la Baraza la mwaka husika, wala si kwa kusikia.

(c) Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwanafunzi ahakikishe kwamba kituo cha masomo kimesajiliwa, na aulize swali moja: ni mazoezi mangapi yatasahihishwa, na nani atayasahihisha? Kituo kinachotoa nakala za karatasi tu hakijatoa elimu ya masafa.

(d) Mtaala ulioboreshwa umekwisha anza kutumika kwa Kidato cha Kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi aulize ni muhtasari upi wa somo na orodha ipi ya vitabu itakayohusu mwaka wake wa mtihani, asije akasoma vitabu vya kaka yake vilivyokwisha ondolewa.

(e) Vitabu viwili vilivyosomwa mara tatu vina faida kuliko vitabu sita vilivyopitiwa. Mara ya kwanza isomwe hadithi. Mara ya pili daftari liwe mkononi, kila tukio likiandikwa pamoja na ukurasa wake. Mara ya tatu isomwe kwa kutafuta majibu ya maswali ya mitihani iliyopita.

(f) Asiyeweza kununua kitabu asikate tamaa. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inafikika kwa daladala. Wanafunzi watatu au wanne wa mtaa mmoja waweza kuchangia nakala na kusomeana kwa sauti, jambo ambalo huimarisha pia matamshi.

(g) Kila wiki liandikwe jibu moja kamili kwa saa, bila ya kufungua kitabu, na lipelekwe kwa mwalimu au kwa mtu mwenye Kiingereza kizuri. Jibu lililorudi na alama nyekundu liandikwe upya. Zoezi lisiloandikwa upya ni nusu ya zoezi.

WAJIBU WA WAKUU WA KAZI NA FAMILIA

Mtumishi anayesoma hahitaji upendeleo, ila anahitaji ratiba inayojulikana. Mkuu wa kazi anayemwarifu mapema juu ya zamu za mwezi Novemba, na akamruhusu kukaa katika chumba cha ofisi chenye taa baada ya saa za kazi, amemsaidia kuliko hotuba nyingi.

Nyumbani, mama anayesoma ndiye anayeelemewa zaidi, kwa kuwa kitabu hufunguliwa baada ya jiko kuzimwa na watoto kulala. Hao ndio wengi wa waliokatishwa masomo ujanani. Tangu Serikali itangaze mwezi Novemba 2021 kwamba wasichana walioacha skuli kwa ujauzito wanaweza kurejea, njia mbadala za kusoma zimepewa nguvu zaidi. Familia inayomwachia mama saa moja kila usiku imetimiza wajibu wake.

Wananchi wanakumbushwa kwamba cheti cha halali hakipatikani kwa haraka, lakini kwa mwenye kitabu chake na msahihishaji wake, umbali kutoka Bunju au Chamazi hadi darasani si kikwazo tena. Wenye nia wafike mapema katika ofisi za elimu ya watu wazima za wilaya zao, wakiwa na vyeti vyao vya awali, ili waelekezwe kabla ya msimu wa usajili.